Usiseme ni baridi ya Julai tu

Umeamka koo linawasha, kichwa kinagonga, unajiambia ni baridi ya Julai. Labda. Lakini kama huskii hata harufu ya chapati za jirani, anza kushuku korona.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kati ya watu 100 wenye dalili, takriban 80 walipona bila kulazwa. 15 walizidiwa hadi wakahitaji oksijeni, na 5 wakawa mahututi, wa ICU. Hapo ndipo sisi vijana tunajidanganya: tunajihesabu kwenye ile 80 hata kabla ugonjwa haujaisha.

Unaweza kuanza na kikohozi tu, halafu baada ya wiki hivi ushindwe kupumua. Juni 2020 serikali iliruhusu wenye dalili ndogo kuhudumiwa nyumbani, basi wa kukuchunga ni wewe na unayeishi naye. Ukihema ukiwa umekaa tu, kifua kikibana, midomo ikibadilika rangi au ukianza kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Piga 719.

Na kama mnaishi bedsita moja na shosho, sema mapema. Wewe huenda ukapona. Yeye anaweza kuwa kwenye ile 5.