MBWA SI WA KUTAFUTIA KIKI, JAMANI!

Wadau, leo simtaji mtu jina. Wenyewe wanajijua.

Kuna huu mtindo umeshika kasi mtandaoni. Staa ananunua mbwa wa bei mbaya, mdogo hata miezi minne hajafikisha, halafu ndani ya wiki moja anataka asimame kwa miguu miwili, acheze, asalimie kamera. Asipofanya, anavutwa sikio, anapigwa kofi la pua, anafokewa. Klipu inapandishwa, chini ni vicheko na makopa kibao. Nyie mnaita kufundisha. Mimi naita uonevu uliowekewa muziki.

Mtasema, "Mbona mbwa mwenyewe anacheka?" Hacheki! Mtazame vizuri: masikio yamelala nyuma, analambalamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, mkia kaubana katikati ya miguu. Hiyo ni lugha ya mbwa mwenye hofu. Na mbwa mwenye hofu asiposikilizwa, anaweza kuishia kuuma. Akishamng'ata mtoto wa jirani utasikia "huyu mbwa mkali", anatupwa mtaani. Kosa la nani hapo?

Kinachouma zaidi, njia rahisi ipo tena ya siku nyingi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alishaandika jinsi ya kufundisha wanyama kwa zawadi: akifanya unachotaka, mpe papo hapo. Papo hapo, siyo baada ya kumaliza kuseti simu!

Unataka akae? Shika kipande cha nyama mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Akikifuata kwa macho, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu, mpe, msifie. Dakika tano zinatosha, mwache akapumzike. Akikosea usimpige, rudia kesho. Ila mambo ya kusimama miguu miwili, kwa mtoto wa mbwa achana nayo kabisa, viungo bado havijakomaa.

Na wale wa "mbwa wangu, namfanya nitakavyo", Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ukatili kwa mnyama ni kosa, uwe na wafuasi kumi au milioni. Halafu wewe unajirekodi mwenyewe, ushahidi unaupandisha kwa bando lako!

Sisi mashabiki nasi tusijitoe. Kila kopa tunalobonyeza ndilo linalomfanya kesho alivute tena lile sikio. Tukiacha kushangilia, klipu zitakosa soko na mbwa atapumua.

Mdau, ukikutana na klipu ya namna hiyo unacheka, unapita, au unamwambia ukweli? Tiririka hapo chini, ila matusi weka pembeni.