NESI WENU, SEHEMU YA 6: LORI LINAPIMWA, MTOTO JE?

Mama zangu, leo siongelei chanjo. Naongelea barabara, maana Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Afrika Mashariki tuna sheria moja ya uzito wa magari, ya 2013. Lori mwisho tani 56. TANROADS huku, KeNHA kule Kenya, kipimo ni kilekile. Ukizidisha, unalipa. Kwa nini? Ili lami isiharibike.

Safi kabisa. Ila jamani, lami tumeilinda kwa pamoja, mtoto anayevuka kwenda shule je? Mwaka 2020 kule Stockholm mawaziri walikubaliana: watu na magari wanapochanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa.

Basi mamlaka hizohizo zikae tena. Kila shule na zahanati kando ya barabara kuu, kutoka Arusha mpaka Namanga na kuvuka: kivuko, matuta, alama ya 30. Msituambie kila nchi ina utaratibu wake. Kwenye tani mbona mliweza?

Mama, mkutano wa kijiji ukiitishwa, nyoosha mkono uulize.

Sehemu ya 7: mtoto kwenye bodaboda.