Kiboko Si Dawa ya Utukutu

Katika shule zetu nyingi yuko mtoto ambaye kila siku husimamishwa mbele ya wenzake. Kosa lake ni lile lile la jana na juzi: hakumaliza hesabu, amepoteza kalamu, amejibu kabla swali halijaisha, ameondoka kitini bila ruhusa. Huchapwa, naye kabla ya kengele ya mapumziko amekwisha kukosa tena. Baba akiarifiwa, huongeza fimbo zake. Mtoto huyo huitwa mtukutu, mvivu, au mjinga. Na akiitwa hivyo kwa miaka, mwishowe husadiki.

Sisi twauliza: ikiwa dawa imetolewa mara mia na mgonjwa hakupona, je, haitupasi kuichunguza dawa yenyewe?

Iko hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD, yaani upungufu wa uwezo wa kutulia, kujizuia na kuzingatia jambo moja. Si jambo jipya, wala halikuletwa na simu. Mwaka 1902, George Still, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza mbele ya madaktari wenzake mjini London habari za watoto walioshindwa kujizuia, na miongoni mwao wamo waliokuwa na akili timamu kabisa. Leo yakadiriwa kwamba katika kila watoto 100 duniani, kiasi cha 5 wanayo hali hiyo. Chanzo chake kikubwa ni urithi. Mzazi akikumbuka utoto wake, mara nyingi atajiona mwenyewe ndani ya mwanawe. Si malezi mabaya, wala si mapepo. Na kama vile mtoto asiyeona vizuri hapigwi ili aone, ndivyo na huyu asivyoweza kupigwa hata akatulia.

Wako watakaotujibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nasi twakubali, lakini kukunja si kuvunja. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zaruhusu viboko visivyozidi 4 kwa idhini ya mwalimu mkuu. Lakini kuruhusiwa si kuamriwa.

Basi tufanye nini? Tuanze na yale yaliyo mikononi mwetu. La kwanza ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila usiku. Mtoto wa mfanyakazi akaaye mbali na shule huamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi. Hesabu ni nyepesi: ili apate hizo saa 9 tu, yampasa awe amelala saa mbili usiku. Lakini katika nyumba zetu, saa mbili ndipo taarifa ya habari inapoanza, baba ndiyo kwanza arudi kazini, na simu ya mama imo mikononi mwa mtoto. Hata mtoto mzima akikosa usingizi husahau, hukasirika upesi na kushindwa kutulia, sembuse huyu?

La pili ni michezo. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto akimbie na kucheza kwa jumla ya dakika 60 kila siku. Sisi lakini, mtoto asipotulia, twamnyima mapumziko, yaani twamnyima kile hasa kiwezacho kumsaidia. La tatu ni chakula: asiende shule na njaa, maana tumbo tupu halina masikio. Kuhusu sukari, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995, uliokusanya majaribio mengi, haukuona kwamba huwafanya watoto kuwa watukutu. Tuipunguze kwa ajili ya meno na mwili, lakini tusiibebeshe lawama isiyo yake.

Yafaa tuseme wazi kwamba desturi hizi njema humsaidia mtoto, ila haziiondoi ADHD. Wala si kila asiyetulia anayo. Huenda hasikii vizuri, haoni ubaoni, amepungukiwa damu, au aliwahi kushikwa na malaria kali iliyopanda kichwani, ambayo yaweza kuacha madhara katika ubongo. Kwa hiyo apelekwe hospitali apimwe. Dawa za ADHD zipo, lakini ni za kutolewa na daktari tu, wala si za kununuliwa kwa kusikia maneno ya jirani.

Hatumlaumu mwalimu mwenye darasa lililojaa. Twamwomba amketishe mtoto huyo mbele, ampe kazi fupi fupi, amsifu akimaliza, na kumwita mzazi washauriane kabla ya kushika fimbo. Kamati za shule zilizungumze jambo hili katika vikao vyao. Nao waajiri wasimwone mvivu mfanyakazi aombaye ruhusa ya kumpeleka mtoto kwa daktari, ati kwa sababu mtoto hana homa.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyezoeshwa kuitwa mjinga hutoroka shule, na taifa hupoteza fundi, muuguzi au mwalimu ambaye hakukosa akili, bali alikosa mtu wa kumwelewa. Wazazi, na tuanze usiku huu: ifikapo saa mbili, simu iwekwe kando na mtoto alale.