Falcon na Commodore: Wasee wa Australia walizipenda hizi ndai, lakini hawakuzinunua

Kama ulicheki Mad Max ya 1979, ile ndai nyeusi ya Mel Gibson si ngeni kwako. Hiyo ni Ford Falcon ya Australia. Leo hakuna Falcon mpya inaundwa popote.

Kwa miaka mingi Australia ilikuwa na timu mbili, Falcon na Holden Commodore. Ni kama Gor na Ingwe, ukizaliwa kwa familia ya Holden huoi kwa watu wa Ford (sawa, nimeongeza chumvi kidogo). Mbio za Bathurst zikifika, matusi yanaruka. Zilikuwa gari kubwa za milango minne, injini ya silinda sita ama nane, buti ya kumeza mizigo ya familia nzima. Karao alikuwa nayo, wa teksi alikuwa nayo, mbuyu wa kawaida pia. Commodore iliongoza mauzo toka 1996 hadi 2010, miaka 15 bila kuachia. 2011 ikapigwa na Mazda3, kagari kadogo ka nje.

Wengi hulaumu serikali, na wana point. Katikati ya miaka ya 80 ushuru wa magari ya nje ulikuwa asilimia 57.5. Kufikia 2010 ulikuwa 5. Dola yao nayo ikapata nguvu, gari za nje zikawa bei poa. Lakini mimi naona mteja ndiye alitoroka kwanza. Mafuta yalipanda, familia zikahamia SUV, mafundi wakachukua pikapu. Falcon ikabaki ya kusifiwa kwa baa.

Ford walifunga Broadmeadows 7 Oktoba 2016. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo, Toyota wakafunga Altona na Holden wakafunga Elizabeth. Maelfu ya wasee wakabaki bila job. Na hapa ndio noma: Ford Ranger, pikapu inayotamba Australia saa hii, ilibuniwa na mainjinia wa huko huko. Inaundwa Thailand.

Huku kwetu, mbuyu wako anakumbuka Peugeot 504 zilizounganishwa hapa Kenya. Mobius ya Nairobi nayo ilitangaza Agosti 2024 kwamba inafunga, kabla mnunuzi ajitokeze. Wanasiasa bado wanatuambia tununue za nyumbani. Wewe na hiyo doo yako, kati ya Vitz ya mtumba toka Japani na mpya ya Thika ya bei mara mbili, ungeendesha gani?