"Sensa tu hiyo"

Leo siasa zikae pembeni. Niko Tabora kikazi, na usafiri wangu ni gari dogo la swahiba wangu, mtumba wa Japani kama magari yetu mengi. Ukifungua mlango asubuhi, petroli inakupokea puani. Mwenyewe kashazoea. Taa ya injini inawaka wiki ya pili sasa, eti "sensa tu hiyo".

Juzi tulikuwa tunakwenda Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Tukapita sheli. Bomba likajikata lenyewe mara tatu, mhudumu akalazimisha mpaka mafuta yakafika shingoni. Kuondoka, gari likagoma. Likapigwa starta weee, likaja kuwaka kwa mbinde huku linatetemeka. Fundi mmoja chini ya mwembe (na Tabora miembe ndiyo yenyewe, urithi wa njia ya misafara) akasema dawa ni kung'oa "kale kakopo kasiko na kazi" na kuziba mipira yake.

Hapo nikakataa. Petroli huvukiza hata gari likiwa limezimwa, na kwa jua la hapa saa nane mchana, huvukiza kweli kweli. Kopo lile lina mkaa maalumu unaonasa ule mvuke. Injini ikiwaka, vali inafunguka, mvuke unavutwa na kuchomwa. California iliudai mtambo huu kwenye magari mapya ya 1970, Marekani nzima ikafuata 1971. Sasa, watu wa Tabora mkaa wanaujua: ukilowa haufai. Ukilazimisha tangi lijae pomoni, ndivyo unavyoulowesha wa kwenye kopo.

Kwa hiyo gari likigoma kila ukitoka kujaza tu, usikimbilie plagi. Harufu, taa, bomba kujikata, gari kugoma: dalili zote tulikuwa nazo siku moja, na sote wawili tuna digrii! (Ukiona mafuta yanadondoka chini, hilo ni balaa jingine, usiwashe kabisa.)

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba gari hulala hatua mbili kutoka dirisha la watoto, na jioni jiko la mkaa linawashwa pale pale. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kutafuta moto. Una benzini pia, kemikali inayosababisha saratani. Halafu mtu anakwambia sensa!

Tumeanza na cha bei rahisi. Mfuniko wa tangi ulikuwa wa gari jingine kabisa, mpira wake umepasuka. Tumeweka unaofaa. Harufu imepungua, haijaisha. Kesho tunakagua mipira ya chini, inayopigwa kokoto kila siku, kisha vali. Fundi kanuna, lakini kopo halitoki.