Mbwa wa Jirani, Kuku Wangu

Mwezi huu nimenuna. Jumamosi alfajiri, baridi ya Sumbawanga ikiuma kweli kweli, nilikuta mitetea yangu mitatu imelala uani, manyoya kila mahali. Mbwa wa jirani! Shosti mmoja akaninong'oneza: "Si umtegee nyama yenye sumu?" Jamani, sumu haichagui, na watoto wanacheza hapo hapo. Tena jirani huyo ndiye aliyenikimbiza hospitali usiku ule mwanangu alipozidiwa na homa.

Nikatia kuku mmoja kwenye beseni, nikabisha hodi asubuhi ile ile. "Shikamoo mzee, nimekuletea kazi ya mbwa wako." Akakana, akaguna, mwisho akacheka kwa aibu. Angekataa kabisa, ningeenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Tukapatana: mbwa afungwe kabla ya saa 12 asubuhi, nami nizibe wavu wa banda (ulitoboka siku nyingi, nakiri).

Nikauliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kimya! Wapendwa, mkiumwa na mbwa osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mbio hospitali.

Mitetea miwili amenilipa. Wa tatu bado namdai.