Duka Lisilomwona Mteja

Ndugu msomaji, chukua mfano wa mwenye duka la khanga Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, aliyefungua ukurasa wake katika intaneti. Bei zote amezitia ndani ya picha moja ya kupendeza. Mwananchi mwenzetu asiyeona husomewa kurasa na programu ya sauti iliyomo katika simu yake. Mara nyingi, programu hiyo ikifika kwenye picha isiyo na maelezo, hutamka “picha” tu, na mteja huenda zake.

Dawa yake si ghali. Bei ziandikwe kwa maneno na tarakimu. Kichwa cha habari kipewe alama ya kichwa, wala kisikuzwe herufi tu, ili msikilizaji aifikie upesi sehemu anayoitaka. Kila picha ipewe maelezo mafupi. Rangi na mapambo yawekwe katika faili lake la mitindo, mbali na maneno.

Kanuni za kimataifa za kazi hii zilitolewa mwaka 1999. Basi, ndugu mjenzi wa kurasa, kabla hujadai ujira wako, washa programu hiyo, fumba macho, usikilize. Usipoisikia bei ya doti moja, kazi haijaisha.